Siku Kumi na Saba

Kitengela kila kipande cha ardhi kina bei. Toka barabara ya Namanga, ingia ndani kidogo, na mabango yatakupokea: ploti futi 50 kwa 100, hati iko tayari, stima iko karibu, maji yako njiani. Hata pale vijana wa mtaa wetu hucheza mpira kuna bango. Limesimama pembeni kabisa, na watoto wakaamua hiyo ndiyo kona. Siku hizi mpira wa kona unapigwa kutoka chini ya nambari ya simu ya wakala.

Huo ndio mji ambao klabu yetu iliketi kujadili kama tuiombe serikali uwanja wa michezo wa kimataifa.

Sisi ni klabu ya huduma, mtindo ule wa Rotary na Lions. Tunakutana mara mbili kwa mwezi kwenye ukumbi wa hoteli moja kando ya barabara, tunagonga kengele, tunatozana faini ya shilingi 50 ukichelewa, halafu tunazungumza kuhusu jambo moja lenye maana. Tumeshazungumzia maji, ajali za bodaboda, sodo za wasichana shuleni. Wengi wetu tuko kati ya miaka 20 na 35, na kuna wazee wachache wanaotuvumilia. Mimi ni katibu. Naandika kile watu wamesema, na kile watu wamesema mara nyingi si kile wanachokumbuka kusema mkutano unaofuata.

Mada ya siku hiyo ililetwa na mwanachama ambaye kazi yake ni kuuza ardhi. Ni kijana mchangamfu, mtu wa kukununulia soda kabla hajakuuzia kitu.

"Wasee," akaanza, "mmeona Talanta?"

Tulikuwa tumeona. Mtu yeyote anayepita barabara ya Ngong ameona vyuma vikipanda pale Jamhuri tangu kazi ianze mwaka 2024. Ni uwanja wa viti 60,000, wa kutumika kwenye AFCON ya 2027 ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuandaa pamoja. Pesa zake zilitafutwa kwa njia ambayo wengi wetu hatukuwa tumewahi kuisikia: hatifungani za takriban shilingi bilioni 44.8 ziliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025, na aliyewekeza anapata riba ya karibu asilimia 15 kwa mwaka.

"Sasa Nairobi imejaa," akaendelea. "Sisi tuko na nafasi, tuko na barabara, reli iko hapo Athi River, uwanja wa ndege si mbali. Sensa ya 2019 ilipata watu zaidi ya 150,000 hapa Kitengela. Wakijenga huku, hoteli zitajaa, keja zitapanda, kila mtu atakula. Tuandikie kaunti barua."

Alisema keja zitapanda kwa sauti ya habari njema. Ukumbini tulikuwa watu 23, na wenye nyumba zao, kwa hesabu yangu, walikuwa wanne.

Mgeni wetu siku hiyo alikuwa mwalimu wa uchumi, mtu mpole, shati limefungwa kifungo hadi shingoni. Hakubishana. Alichukua kalamu akaenda kwenye ubao.

"Ligi kuu yetu ina timu ngapi?"

"18!" Hilo swali halikuhitaji shule.

"Kila timu hucheza mechi ngapi?"

"34."

"Na za nyumbani?"

"17."

Akaandika 17, halafu pembeni akaandika 365. "Tuseme mmejengewa uwanja na mmepata timu ya ligi kuu ya kuutumia. Hizi ndizo siku zenu za mechi. Zingine ni 348. Ongeza krusedi, ongeza tamasha, ongeza siku moja ya sherehe ya kitaifa na mikutano ya siasa. Niambieni nyinyi, tutafika ngapi?"

Mtu akasema 40. Mwingine akasema tusisahau kwamba hata Gor Mahia na AFC Leopards, timu zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, hazina uwanja wao wenyewe. Zinaomba Nyayo, zinaomba Kasarani, na pakifungwa kwa ukarabati zinahamia kwingine. Kama hao hawajawahi kumudu uwanja, timu yetu itaumudu vipi?

"Hilo ni swali la kwanza," mwalimu akasema. "La pili ndilo gumu zaidi. Pesa ambayo shabiki ataitumia siku ya mechi, kabla ya hapo ilikuwa wapi?"

Hapo watu walinyamaza, na mimi nikamfikiria dada yangu.

Dada yangu ana kibanda karibu na steji. Anauza mayai ya kuchemsha, smoki, chapati na chai, na ndiye anayetuletea mandazi ya mikutano. CHAN ilipokuja Agosti 2025, yeye aliiona kama mvua. Tarehe 3, Kenya ikifungua na Kongo Kasarani, alibeba trei zake za mayai na sanduku la smoki, akapanda mathree mbili, akalipia na mzigo. Tulishinda 1–0 na aliuza vizuri sana. Usiku akakaa kitandani akipiga hesabu: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, mzigo, kijana wa kumsaidia kubeba, na kibanda chake hapa Kitengela kilichoshinda kimefungwa Jumapili nzima. Faida ilikuwa karibu sawa na ya Jumapili ya kawaida. Alichoka tu zaidi.

Tarehe 10, Kenya ikicheza na Morocco, aliamua kubaki. Karibu na kibanda chake kuna mahali wameweka skrini kubwa. Watu walijaa hadi barabarani. Ryan Ogam alipofunga, dakika chache kabla ya mapumziko, dada yangu alikuwa amebakisha mayai sita. Kipindi cha pili tulibaki wachezaji 10 uwanjani na bado tukashinda 1–0, na yeye akatuma mtu mara mbili kwenda kuongeza smoki. Hiyo ndiyo Jumapili bora aliyowahi kupata, na mpira wenyewe ulikuwa unachezwa upande wa pili wa Nairobi.

Niliwaeleza wenzangu hadithi hiyo, na mwalimu akaitumia kama mfano wake hadi mwisho wa mkutano. Wale vijana wa skrini, akasema, kama wangeenda Kasarani wangekula mayai Kasarani. Shilingi ni ileile, imebadilisha steji tu. Shabiki kutoka Athi River akija kutazama mechi Kitengela, Kitengela imefaidi na kibanda cha Athi River kimelala njaa. Pesa mpya ni ya mgeni kutoka mbali, yule wa Morocco au Madagaska, anayelala hotelini usiku tatu na kununua shuka ya Kimaasai ya kupeleka kwao. Hao wapo, lakini huja na mashindano makubwa, na mashindano makubwa yakiisha nao wanaenda. Uwanja unabaki.

Kisha akatupa hesabu nyingine. Asilimia 15 ya bilioni 44.8 ni karibu bilioni 6.7 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365 na utapata zaidi ya milioni 18 kwa siku, kwa mwaka wa kwanza na kabla hujagusa deni lenyewe. "Kuwe na mechi, kusiwe na mechi," akasema. "Riba haingoji ratiba ya ligi."

Haya si mambo ya Kenya pekee. Marekani, ambako miji imeshindana kwa miaka kujengea timu viwanja kwa pesa za umma, wanauchumi Roger Noll na Andrew Zimbalist walihariri kitabu kizima kuhusu swali hili mwaka 1997, na jibu lao lilikuwa baridi: hawakupata uwanja wa karibuni ambao ulikuwa umerudishia umma faida ya maana. Brazili ilijenga uwanja mkubwa mjini Brasília kwa Kombe la Dunia la 2014. Mwaka uliofuata eneo lake lilikuwa likitumika kuegeshea mabasi.

Na sisi wenyewe tuna vidonda vyetu. Mwaka 2017 tuliahidiwa viwanja tisa kwenye kampeni. Septemba mwaka uleule CAF ilitunyang'anya CHAN ya 2018 kwa kutokuwa tayari, ikaipeleka Morocco. Kule Iten, mji unaojivunia kuwa nyumbani kwa mabingwa, uwanja wa Kamariny ulifungwa ili ujengwe upya, kazi ikakwama miaka na miaka, na watu wanaokimbia kasi kuliko dunia nzima wakabaki kutafuta pa kufanyia mazoezi. Ulikuwa uwanja wa udongo, mbovu, na unatumika kila asubuhi. Ahadi ya kuufanya wa kimataifa ndiyo iliyoufunga.

Wakala wetu hakukata tamaa. "Mwalimu, lakini mji haukui bila mradi mkubwa. Hata Kitengela ilikuzwa na mradi."

Hapo alikuwa na hoja, na ni hoja inayogusa nyumbani. Mamangu alikuja huku kwa sababu ya EPZ. Sheria ya maeneo hayo ilipitishwa mwaka 1990, viwanda vikajengwa Athi River, na soko la Marekani lilipofunguka kwa nguo zetu mwaka 2000, viwanda vikataka mikono. Mamangu alishona suruali ambazo hakuwahi kuona mtu amezivaa. Alikodi chumba kimoja Kitengela kwa sababu kilikuwa cha bei nafuu na alifika kazini kwa miguu au kwa mathree moja. Maelfu walifanya vivyo hivyo. Kwa ajili yao kukajengwa nyumba za kupanga, zikafuata mboga, vinyozi, shule, zahanati, na wauzaji wa maji kwa bauza.

Lakini ona kitu kimoja. EPZ iko Kaunti ya Machakos, na kodi za nyumba zililipwa Kajiado. Mradi haukuwa wetu hata kidogo na bado ulitujenga, kwa sababu watu walienda kazini na kurudi kila siku. Kila siku mtu anakula, kila mwezi mtu analipa kodi. Mama mboga hawezi kupanga maisha kwa umati. Anapanga kwa mteja anayerudi kesho. Nilisema hivyo mkutanoni, na nilikuwa nimejipongeza kimoyomoyo wakati sauti ilitoka mlangoni.

"Samahani, mwalimu. Naomba niseme kitu."

Ni dada yangu, sinia ya vikombe mkononi. Yeye si mwanachama. Mwenyekiti akamruhusu kwa kichwa.

"Hizo siku 17 mnazozicheka, mimi ningezichukua. Nyinyi wengi mna mshahara, so siku 17 mnaona ni kidogo. Mimi siku moja ya kuuza trei tano imenilipia deni la chama. Siku 17 za hivyo ni karo ya mtoto. Msikatae kitu kwa niaba yangu kwa sababu ubaoni ni kidogo."

Hakuna aliyekohoa. Nimeandika kumbukumbu za mikutano kwa miaka miwili na sijawahi kuandika sentensi iliyonifunga mdomo namna ile, na ilitoka kwa mtu niliyekuwa nimetumia hadithi yake bila kumuuliza anavyoielewa yeye.

Mwalimu hakujitetea. "Dada, uko sawa kabisa," akasema. "Basi nami nikuulize. Uwanja ukijengwa, kibanda chako kitakuwa wapi?"

Dada yangu akatazama nje kupitia dirisha. Kibanda chake kiko kwenye hifadhi ya barabara, kama vibanda vingi hapa. Barabara ikipanuliwa, ndicho cha kwanza kuondoka. Mwalimu akasimulia Afrika Kusini mwaka 2010, ambako maeneo ya kuzunguka viwanja vya Kombe la Dunia yalitengwa kwa bidhaa za wadhamini, na wachuuzi wengi waliokuwa wakiuza hapo siku zote wakajikuta nje ya mpaka.

"Kwa hivyo nitauza nikiwa mbali," dada yangu akasema, "kama nilivyouza nikiwa Kitengela."

"Ama usiuze."

"Basi hiyo ndiyo muandike," akasema. "Nani atakuwa ndani ya hilo geti. Hizo bilioni zenu sizijui."

Akagawa chai. Nilipopokea kikombe changu alinikanyaga mguu kidogo, kwa mapenzi.

Mzee wetu mmoja, ambaye hutoka upande wa Isinya na huwa hasemi hadi mwisho, akaomba nafasi. Ardhi hii, akasema, ilikuwa ya wengi kabla haijawa ya mmoja mmoja. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa miaka ya 1980, kila familia ikapata hati yake, na hati ikazaa ploti. Kabla ya ua na mawe, nyumbu walitoka Mbuga ya Nairobi wakashuka hadi huku nyakati za mvua. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge ua.

"Nyinyi vijana mnadhani ardhi tupu haina kazi," akasema. "Sisi tulilipwa kuiacha tupu. Pesa ilikuwa kidogo, wakala akaja na pesa nyingi, tukauza. Silaumu mtu. Lakini leo mjukuu wangu akitaka kukimbia, anakimbilia barabarani na malori ya Namanga."

Akatukumbusha pia Kimana, huko karibu na Amboseli, ndani ya kaunti hii hii yetu. Tangu mwaka 2012 kunafanyika Olimpiki za Kimaasai, kila baada ya miaka miwili: morani wanashindana kurusha rungu na mkuki, kuruka, na kukimbia, badala ya kuwinda simba ili kuonyesha ushujaa. David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mara mbili, ndiye mlezi wake. Wageni huja kutoka ng'ambo kutazama. Kinachowaleta ni michezo yenyewe na pahali penyewe.

"Mnaomba mahali pa watu 60,000 kuketi," mzee akasema. "Watoto wanaomba mahali pa watu 22 kukimbia. Anzeni na hao."

Tulipiga kura. Wanane walitaka barua ya kuomba uwanja wa kimataifa. Watu 13 walitaka barua nyingine, na wawili hawakuinua mkono. Barua iliyopita ina mambo matatu. Kwanza, kaunti itangaze orodha ya ardhi yote ya umma Kitengela iliyotengewa michezo, kwa sababu Katiba ya 2010 imeweka vifaa vya michezo mikononi mwa kaunti. Pili, kila kipande kipate hati kwa jina la umma kabla bango la wakala halijafika. Tatu, kwa maneno ya dada yangu ambayo sikuyapamba: siku yoyote uwanja ukijengwa, mchoro uonyeshe wachuuzi wa hapa watakuwa upande gani wa geti.

Wakala alipiga kura na wale wanane. Halafu mkutano ulipoisha alinifuata akaniambia atanisaidia na jambo la kwanza. "Ploti zenye shida nazijua zote," akasema. "Ndiyo kazi yangu kuzijua." Ametuletea vipande vinne hadi sasa, na ramani zake.

Mimi bado natamani Kenya iwe na viwanja vizuri. Ogam alipofunga nilikumbatia mtu nisiyemjua, na furaha ile haina mahali kwenye ubao wa mwalimu. Nikiambiwa nilipie furaha, nitalipa, mradi niambiwe ni furaha nalipia. Ninachokataa ni kuuziwa furaha kwa jina la kazi, halafu bili ije kama kodi ya nyumba iliyopanda siku tangazo lilipotolewa, kabla hata ya jiwe la msingi, na anayeilipa ni mpangaji ambaye tiketi hataweza kununua.

Barua niliipeleka mwenyewe Kajiado mjini, Jumanne, kwa mathree inayopitia Isinya. Karani akaigonga muhuri, akanirudishia nakala. Nilikuwa na muda, nikatembea hadi karibu na uwanja wa Ildamat. Hakukuwa na mechi. Nikamuuliza mwendesha boda aliyekuwa kivulini kama uwanja unamletea kazi.

"Siku ya mechi iko poa," akasema. "Siku ya sherehe, usiseme."

"Na siku kama leo?"

Akacheka, akawasha pikipiki. Mama mmoja alikuwa anamwita kutoka ng'ambo ya barabara, ameshika bahasha kubwa ya picha za eksirei.

"Siku kama leo," akasema, "tunalishwa na hospitali na mahakama."